Waya wa Tochi

Kinasa sauti kimelala usiku tisa msituni, juu ya Kibosho,
kimefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye shina la msesewe,
kikiwasikiliza perere.
Leo kiko mezani kwangu, Majengo, nyuma ya duka la mbegu,
kina tope kwenye kifuniko cha betri
na sisimizi mmoja aliyeshuka nacho bila nauli.

Nakichomeka.
Taa nyekundu inawaka. Kompyuta kimya.
Nakichomoa, napuliza tundu kama napuliza jiko la mkaa,
nahamia tundu la pili,
lile lililolegea tangu Shedafa alipojikwaa kwenye flashi.
Taa inawaka. Kimya.
Haisemi imekikataa; hilo ningelielewa.
Inafanya kana kwamba sijachomeka kitu,
kama karani anayemalizia chai yake
nawe umesimama dirishani na fomu mkononi.

Nimezima, nimewasha. Mara nne.
Mara ya tano umeme wa mtaa ukanisaidia kuzima.

Betri mpya, elfu mbili.
Kadi nimeitoa, nimeifuta kwa kanga, nimeirudisha,
imelia tik kama kawaida.
Mama Ndeukoya wa mbegu akachungulia:
“Labda kina baridi. Si kimetoka juu?”
Nikacheka, alipoondoka nikakianika dirishani.

Dokta anapiga kutoka Morogoro:
“Vipi, perere wangapi?”
“Tunakaribia,” nasema,
na bisibisi iko kati ya meno.

Saa kumi akaja Aikande, fundi simu wa pale kona,
vidole vina mafuta ya chipsi.
Kinasa sauti hakukitazama.
Aliushika waya, akaupima kiganjani
kama mtu anayepima nyama asiyoiamini.
“Huu ulikuja na nini?”
“Na tochi.”
“Basi. Ni wa kuchajia huu. Ndani mna nyuzi mbili tu.
Unapeleka moto. Neno haupeleki.”

Neno haupeleki.
Nikamkumbuka baba, Tarakea, kila Jumapili jioni:
Mmeamkaje huko? Salama.
Hela imefika? Imefika.
Haya. Haya.
Miaka kumi na moja taa inawaka pande zote mbili
nami nikidhani tunaongea.

Aikande alikuwa ameshatoa mwingine mfukoni,
mnene, umefungwa plasta shingoni.
Kioo kidogo cha kinasa kikauliza, kwa mara ya kwanza siku nzima,
tukifanye nini: kihifadhi au kisikilize?
“Kihifadhi,” akabonyeza kwa ukucha.
Kompyuta ikalia ting,
kijiko kimegusa glasi,
na yakajipanga mafaili tisa, usiku mmoja mmoja,
kana kwamba yalikuwa barazani tangu asubuhi
na ni mimi niliyechelewa kufungua.

“Elfu tano ya waya,” akasema. “Plasta nakupa bure.”

Tukasikiliza usiku wa nne, kila mtu sikio moja.
Kwanza mvua, mvua ya majani, si ya bati.
Halafu mbali, ng’ambo ya korongo,
mlango mkavu unafunguliwa na mtu asiye na haraka,
unafunguka, unafunguka, haufiki mwisho,
kisha mayowe.
“Yesu wangu,” Aikande akasema, “huyo ni mnyama?”
“Anamwita mwenzake.”
“Na anaitikiwa?”
Nikainua kidole: subiri.
Sekunde arobaini na tatu, nilizihesabu kwenye kioo.
Karibu yetu, karibu mno na kipaza sauti,
kitu chepesi kilikuwa kinapita,
tiki, tiki, tiki,
miguu sita, hatua kubwa kama za askari.
Nikatazama mezani.
Hakuwepo tena.